Suti ya Uyole, Harusi ya Kyela: Mwongozo Kamili wa Kuvaa Rasmi Kwenye Fukuto

Watu wa Mbeya, Njombe, Makambako na Mafinga hununua nguo za harusi wakiwa na baridi ya Juni akilini. Wana sababu. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na sherehe ya mwezi wa saba Makambako, upepo ukiwa umeamka, humtaka mtu avae koti zito na asilivue. Shida huja pale kadi inapotaja ukumbi wa Kyela, Matema, Mbamba Bay, Ifakara au Dar es Salaam. Suti ileile iliyosifiwa kanisani Uyole inamlowesha mwenyewe kabla maharusi hawajaingia ukumbini, na mama aliyeshona gauni la mahameli anaishia kukaa mlangoni usiku kucha akijipepea na kadi ya mwaliko.

Wengi wakishaonja hali hiyo mara moja, safari ya pili hukata tamaa na kwenda na fulana ya kola na jinzi. Hilo nalo halifai. Aliyekualika amehangaika miezi mingi na kamati, amekutengea kiti na sahani. Anastahili kukuona umevaa kwa heshima. Na inawezekana kabisa kuvaa hivyo bila kuteseka, kwa sababu heshima ya nguo haitokani na unene wake. Inatokana na mabega yaliyokaa, suruali inayoishia inapotakiwa, kola iliyonyooka, pasi iliyopita vizuri na viatu vilivyosafishwa. Hayo yote yanawezekana kwenye kitambaa chepesi, ilimradi uanze mapema na umwambie fundi mambo sahihi.

Anza na hali ya hewa ya huko uendako

Kuna joto kavu na kuna fukuto, na nguo zake hazifanani. Pawaga kule Iringa na bonde la Usangu ni sehemu zenye joto, lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka hewa yake ni kavu. Jasho likitoka linakauka, na jasho linapokauka ndipo mwili unapopoa. Kyela, Matema, mwambao wa Ludewa kama Lupingu na Manda, bonde la Kilombero na pwani yote ni habari nyingine. Hewa ya huko tayari imebeba maji mengi, kwa hiyo jasho halipati pa kwenda. Linabaki juu ya ngozi, linaingia kwenye shati, shati linagandamana na mgongo, na mwili unazidi kutoa jasho jingine lisilosaidia kitu.

Kwa hiyo kwenye fukuto unatafuta mambo mawili: kitambaa kinachopitisha hewa, na mshono unaoacha nafasi kati ya nguo na ngozi. Mengine yote katika mwongozo huu yanatoka hapo.

Kadiri ya joto lenyewe unaweza kuikisia. Kwa kawaida kila unaposhuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko karibu mita 500 tu. Kwa hiyo siku ambayo Mbeya mjini ni nyuzi 23, Kyela inaweza kufika 30 na zaidi, na unyevu juu yake. Dar es Salaam mbaya zaidi ni kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo hata usiku wa manane joto halishuki sana. Juni hadi Agosti ni nafuu kubwa. Bahati mbaya Desemba ndio mwezi wa harusi. Ukiona kadi ya Desemba, jiandae kwa hali ngumu kuliko zote.

Uliza pia saa na mahali pa kila tukio. Harusi nyingi zina kanisa au ndoa mchana, picha nje jua likiwa bado kali, kisha ukumbi kuanzia jioni hadi usiku. Uliza kama ukumbi una viyoyozi, mapangaboi, au ni hema. Ukumbi wenye viyoyozi vikali Dar unaweza kukutia baridi ukiwa umelowa jasho, na hapo mtandio mwepesi au koti lililokuwa begani linapata kazi.

Kuchagua kitambaa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Ukikosea kitambaa, hakuna fundi wala feni itakayokuokoa.

Sufu nyepesi ndiyo bora kwa suti, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu sufu wanaijua kwenye blanketi na sweta. Uzi wa sufu uliosokotwa vizuri na kufumwa kwa uwazi hupitisha hewa, hunyonya unyevu bila kugandamana na mwili, na mikunjo yake hujinyoosha ukiitundika usiku mmoja. Tafuta kitambaa chenye uzito wa gramu 210 hadi 250 kwa mita moja ya urefu. Suti za baridi huvuka gramu 340. Usidanganywe na maandishi ya Super 120 au Super 150 kwenye ukingo wa kitambaa. Namba hizo zinahusu wembamba wa uzi wa sufu, hazisemi lolote kuhusu uzito, na maduka mengi yanauza poliesta tupu yenye maandishi hayohayo.

Kitani ndicho kinachopitisha hewa kuliko vyote, ila hujikunja. Ukikaa nacho ndani ya basi kutoka Mbeya hadi Dar, zaidi ya kilomita 800, utashuka ukiwa kama umelalia nguo. Kivae kama utaweza kubadilisha ulikofikia, au tafuta kitani kilichochanganywa na pamba. Pamba nyepesi inafaa kwa suti ya mchana na ni rahisi kupatikana, ingawa magoti na viwiko vyake hutuna baada ya saa chache. Viskosi, ile laini inayoning'inia vizuri, inafaa kwa magauni na bitana, yaani kitambaa cha ndani ya nguo.

Poliesta tupu ndiyo adui. Hainyonyi jasho, hewa haipiti vizuri, na harufu hung'ang'ania humo. Tetroni, yaani mchanganyiko wa poliesta na pamba, unavumilika kwenye suruali kama pamba ndiyo nyingi. Kwa shati sitaki hata huo.

Utajuaje dukani, wakati muuzaji anaapa kwamba kila kitu ni sufu ya Italia? Fanya majaribio matatu. Kwanza inua kitambaa kuelekea kwenye mwanga: ukiona vitundu vidogo vya mwanga kati ya nyuzi, hewa itapita. Pili, weka tabaka moja mdomoni na upulize. Kama inabidi usukume kwa nguvu, kirudishe. Tatu, omba kipande kidogo au nyuzi chache za pembeni uzichome nje ya duka. Pamba na kitani huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Poliesta huyeyuka, hujikunyata na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Kama kuna mchanganyiko utaona majivu na kijidonge pamoja.

Usidharau mitumba. Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na kwingineko kuna makoti ya suti kutoka Ulaya yenye sufu nyepesi kuliko utakayoipata mpya kwa bei hiyo. Soma lebo ya ndani, mara nyingi iko kwenye mfuko wa kifuani au mshono wa ubavuni. Wool, laine, lana na Wolle zote ni sufu katika lugha za huko. Cotton, coton, cotone na Baumwolle ni pamba. Linen, lin, lino na Leinen ni kitani. Asilimia yake huandikwa kando. Angalia kwanza mabega: koti pana tumboni linapunguzwa kirahisi, lakini koti lisilokaa mabegani liache palepale, kwa sababu kulirekebisha ni kazi ngumu na matokeo yake mara nyingi si mazuri.

Rangi nayo ina mambo yake. Nyeusi hunyonya jua wakati wa picha za nje. Kijivu cha katikati, khaki na bluu ya anga huonyesha kila tone la jasho, na shati la kijivu kwapani ni aibu ya bure. Nyeupe na bluu iliyokoza huficha. Ukinibana nichague suti moja ya kanisani mchana na ukumbini usiku, nitachagua bluu iliyokoza ya sufu nyepesi na shati jeupe la pamba.

Maneno ya kumwambia fundi

Nenda kwa fundi mwezi mmoja kabla, au wiki tatu ukichelewa sana. Fundi anayeshonea watu wa Mbeya atakutengenezea koti la Mbeya usipomwambia vinginevyo, kwa hiyo zungumza wazi.

La kwanza ni bitana. Koti la kawaida lina bitana ya poliesta mwili mzima, na hiyo huziba hewa hata kama nje ni sufu nzuri. Mwambie aweke bitana nusu: mabegani, upande wa mbele, na mikononi. Mgongo wa chini ubaki wazi. Mikononi usiitoe, kwa sababu bila bitana shati litakwama kila unapovaa koti. Bitana yenyewe iwe ya viskosi. Kwa kuwa mgongo utakuwa wazi, mishono ya ndani inabidi ifungwe vizuri kwa utepe ili nyuzi zisitoke, na kazi hiyo ina gharama yake. Kubaliana naye bei kabla. Kama una koti tayari na sufu yake ni nyepesi, fundi anaweza kutoa bitana ya mgongo na kufunga mishono. Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na hubadilisha koti kabisa.

La pili ni ugumu wa ndani. Kitambaa kigumu kinachobandikwa kifuani kwa pasi huzuia hewa sehemu nzima ya mbele. Omba chepesi, na kibandikwe pale tu panapohitaji kusimama: kola, ukingo wa mbele, midomo ya mifuko. Pedi za mabega ziwe nyembamba. Mpasuko wa nyuma uwe miwili, pembeni kulia na kushoto, ili hewa iingie unapotembea.

La tatu ni vipimo. Mtindo wa kubana umeenea, na vijana wanaupenda. Kwenye fukuto suruali inayobana mapaja haina pa kupitishia hewa, na shati linalobana kifua linalowa kwanza. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kola na shingo. Suruali iwe na marinda mawili mbele na inyooke hadi chini. Bado itaonekana safi. Kinachoharibu sura ni urefu uliozidi hadi nguo kukunjamana juu ya kiatu. Kata ikatikie pale inapogusa kiatu.

Kizibao cha suti ya vipande vitatu kiache nyumbani. Najua bwana harusi wengi wanakitaka kwa ajili ya picha. Kama ni lazima, kishonwe mgongo wa kitambaa chepesi kisicho na bitana ya pili, na kivaliwe kanisani tu.

Nguo rasmi zisizo suti

Kaunda suti imekuwapo muda mrefu na naiona ndiyo jibu la haraka kwa mzee au mtu mzima anayekwenda Kyela. Ilipata jina kutoka kwa Kenneth Kaunda, aliyekuwa rais wa Zambia tangu 1964 hadi 1991, jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma. Uzuri wake ni kwamba unavaa tabaka moja mahali pa matatu: hakuna shati ndani, hakuna tai, mikono ni mifupi, na koti halihitaji bitana. Ishonwe kwa sufu nyepesi au pamba nzito kidogo, ipigwe pasi ya mstari, na ivaliwe na viatu vya ngozi. Hakuna kamati itakayokuuliza kitu.

Pwani na visiwani, kwenye harusi za Kiislamu, kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono ndilo vazi rasmi, na watu huongeza koti juu yake wakati wa ndoa. Mgeni anaruhusiwa kuvaa kanzu, na wenyeji huifurahia. Kwenye fukuto haishindiki: inapwaya, ni pamba, inapitisha upepo kutoka chini hadi kifuani. Ndani vaa singlendi na suruali nyepesi au msuli, kwa sababu kanzu nyeupe mbele ya jua huonyesha vya ndani.

Shati la kitenge lililoshonwa vizuri, la mikono mirefu, linakubalika siku hizi kwenye sherehe za jioni na karibu kila sendofu. Kanisani kwenye ndoa yenyewe mimi bado napendelea koti, hasa kama wewe ni mjomba, baba mkubwa au msimamizi.

Kwa akina mama na dada

Kitenge halisi cha pamba ni rafiki, lakini kuna vitenge vingi vya poliesta vinavyong'aa na kuuzwa kwa jina hilohilo. Jaribio la moto litakuambia. Kitenge kipya kina ugumu wa dukani. Kabla ya kukipeleka kwa fundi kifue kwa maji ya kawaida na ukianike kivulini. Kitalainika, kitapitisha hewa zaidi, na kama ni cha kusinyaa kitasinyaa sasa badala ya kusinyaa baada ya kushonwa. Lesi ya pamba ni nzuri kwa vile ina matundu, ila inaharibiwa na bitana. Fundi wengi huweka satini ya poliesta chini yake, na hapo faida yote ya matundu inakufa. Nunua bitana mwenyewe: pamba nyepesi au viskosi ya rangi ya ngozi au ya gauni.

Satini huonyesha jasho vibaya sana, mahameli haifai hata kuzungumziwa, na nguo zilizojaa shanga hulemea. Shifoni, hata ikiwa ya poliesta, inavumilika kama inapepea na haikugandamani.

Mshono unaofaa ni ule unaokaa mabegani na kifuani kisha ukaachia kuanzia kiunoni. Gauni la kubana mwili mzima hadi magotini litakufanya utembee kwa shida na kulowa kwenye kila mshono. Mikono iwe mipana, au mifupi yenye nafasi kwapani. Mwambie fundi aongeze kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi pale kwapani ili mkono uinuke bila kuvuta gauni lote. Ni kazi ya dakika chache. Anaweza pia kukushonea vipande viwili vya pamba vya kubandua, vya kufunika kwapa kwa ndani, ambavyo unavitoa baada ya kanisa na kuweka vikavu. Mabega wazi ni sawa ukumbini, lakini makanisa mengi na ndoa za Kiislamu zinataka mabega yafunikwe, na kwa ndoa za Kiislamu kichwa pia. Mtandio wa pamba nyembamba unafanya kazi zote mbili.

Ndani, shimizi iwe ya pamba. Mapaja yakisuguana kwenye joto hutoka vidonda, kwa hiyo vaa skintaiti fupi ya pamba au paka mafuta ya mgando kwenye mapaja kabla ya kuvaa. Soksi ndefu za nailoni ziache.

Nywele zilizonyooshwa kwa pasi ya moto Mbeya zitaanza kujirudi ukishafika Kyela, kwa sababu unyevu wa hewa unazirudisha kwenye hali yake. Suka, au funga juu, au vaa kilemba chepesi cha pamba. Wigi nzito huzuia joto kichwani, sehemu ambayo ungependa ipoe kwanza. Vipodozi viwe vichache: fondesheni nyembamba, poda kidogo, wanja usioyeyuka kwa maji. Ukitoka jasho usoni gandamiza tishu taratibu, usifute. Kuongeza poda juu ya jasho hutengeneza madoa.

Neno kwa kamati, maana kamati ndizo zinazochagua sare. Kama harusi ni ya Mbeya na sherehe ya pili iko Kyela au Dar, chagueni rangi na muache watu wachague kitambaa. Mkilazimisha satini ya aina moja kwa wote mtakuwa mmewalazimisha mama zenu waliotoka Makete na Tukuyu kukaa saa sita ndani ya nguo isiyopitisha hewa.

Bibi harusi anabeba mzigo kuliko wote. Shela lenye matabaka mengi ya neti na bitana ya poliesta hulifanya tumbo na mgongo kuwa tanuri. Akipata fundi amshonee mwili wa ndani kwa pamba, na tabaka za chini zishikizwe kwa kiuno kinachoweza kufunguliwa ili ukumbini abaki na gauni jepesi. Matroni abebe taulo dogo, maji, tishu na sindano. Kazi yake kubwa siku hiyo ni kuhakikisha bibi harusi anakunywa maji, kwa sababu wengi huacha kunywa wakihofia kwenda chooni na shela.

Vya ndani, viatu na soksi

Wanaume wengi huuliza kama singlendi inaongeza joto. Inaongeza kidogo, lakini ikiwa nyembamba ya pamba inachukua jasho kabla halijafika kwenye shati, na shati likibaki kavu unaonekana nadhifu hadi usiku. Mimi niko upande wa kuivaa. Ivae yenye shingo ya V ili isionekane unapofungua kifungo cha juu. Shati liwe pamba tupu, jembamba, la mikono mirefu. Mashati yanayouzwa kama hayahitaji pasi yamewekewa dawa inayopunguza uwezo wa kitambaa kupumua. Nunua la kawaida na upige pasi.

Dawa ya kuzuia jasho, ile yenye chumvi za aluminiamu, hufanya kazi vizuri zaidi ukiipaka usiku kabla ya kulala, ngozi ikiwa kavu, kuliko asubuhi unapokaribia kutoka. Ipe muda ikauke, maana ikichanganyika na jasho huacha madoa ya manjano kwenye shati jeupe. Manukato punguza. Joto huyakuza.

Viatu vya ngozi vyenye bitana ya ngozi hupumua. Vya plastiki vinavyong'aa huchemsha miguu. Miguu huvimba kwa joto na kwa kukaa muda mrefu kwenye basi, kwa hiyo nunua viatu jioni, na visibane. Soksi ziwe nyembamba za pamba au sufu. Machi hadi Mei Kyela huwa na mvua kubwa na barabara za ndani hujaa tope: beba viatu vya kubadilisha, au vaa vyenye soli ya mpira.

Safari yenyewe

Basi la alfajiri linaondoka Mbeya watu wamejifunika, Makambako na Mafinga bado kuna baridi, halafu mkishuka milima ya Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni joto linawapokea kwa mara moja. Vaa tabaka unazoweza kuvua, wala usisafiri na nguo za harusi mwilini. Koti ligeuze nje ndani, bega moja liingie ndani ya lingine, likunje mara moja, liweke juu kabisa kwenye begi. Ukifika tu, litundike. Unyevu wa huko una faida moja: mikunjo ya sufu inajinyoosha yenyewe usiku, na kama bado ipo, litundike bafuni wakati unaoga maji ya moto.

Ukiweza, fika siku moja au mbili kabla. Mwili huchukua takribani wiki moja hadi mbili kuzoea joto, kwa hiyo usiku mmoja hautakuzoesha, ila utakuwa umelala na kunywa maji. Njia ya Kyela ni fupi lakini ina mabadiliko yake: Kiwira ukungu, Tukuyu mvua, kisha fukuto. Mkitoka asubuhi na ndoa ni saa nane mchana, badilisheni nguo hukohuko.

Jambo la afya lisisahaulike. Malaria ni nyingi mwambao wa ziwa na pwani kuliko Njombe au Makete, na mtu wa baridi kinga yake ni ndogo. Mikono mirefu na suruali ndefu usiku ni msaada wa kweli. Lala kwenye chandarua.

Siku ya harusi, saa kwa saa

Kunywa maji tangu asubuhi, usisubiri kiu. Kula chakula chenye chumvi kiasi, kwa kuwa jasho huondoka nayo. Oga kwa maji ya baridi mwisho kabisa, kaa dakika 15 ukiwa na singlendi tu mbele ya feni hadi mwili uache kutoa jasho, ndipo uvae shati. Ukivaa shati mara tu unapotoka kuoga umeanza siku umelowa. Koti libebe mkononi hadi mlangoni mwa kanisa.

Koti linavaliwa kanisani, kwenye picha za familia, wakati wa kuingia ukumbini na wakati wa kutoa zawadi. Mkishakaa kula, litundike mgongoni mwa kiti bila wasiwasi. Ndiyo maana shati la ndani lilitakiwa liwe zuri. Mfukoni kuwe na hanchifu mbili, moja ya kufutia uso na nyingine safi ya kuonekana. Ndani ya gari kuwe na shati la pili na singlendi ya pili. Kubadilisha kabla ya ukumbi ni siri ya watu wengi wanaoonekana wakavu saa nne usiku. Tafuta kiti karibu na feni au mlango, hasa kwa wazee. Bia inaongeza kupoteza maji, basi kila chupa iende na maji.

Ukiona mtu anapata kizunguzungu, kichwa kinamgonga, anatapika au misuli inakaza, mtoeni nje kwenye hewa, mfungueni kola na mkanda, mloweshe shingo na kwapa kwa maji, mumpepee, na kama hana shida ya kumeza apewe maji yenye ORS. Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, mkimbizeni hospitali.

Baada ya sherehe

Usikunje suti yenye jasho na kuipakia moja kwa moja kwenye begi, maana hadi ufike Mbeya itakuwa na ukungu na harufu isiyotoka. Itundike usiku mzima mahali penye upepo, mifuko ikiwa tupu. Shati na singlendi loweka kwenye maji ya baridi na sabuni kabla ya kulala. Madoa ya manjano usiyatie klorini, kwani huyakoleza zaidi; loweka kwa maji yenye siki kidogo, kisha fua. Viatu vijaze karatasi za magazeti na uviache vikauke kivulini. Koti la sufu halihitaji kufuliwa kila mara: lipigwe brashi, lipate hewa, na lirudi kabatini likiwa kavu kabisa, tayari kwa kadi ya Desemba nyingine.